Maswali na Majibu: Kidole Kimoja Tu, Ramani Ikaishia Katikati ya Ziwa

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu wawili hapa Nyakato tumetengeneza tovuti yenye ramani ya kubofya. Inaonyesha mialo (sehemu za kutua mitumbwi ya wavuvi) ya Ziwa Victoria upande wetu wa Mwanza, vituo vya afya, ratiba za meli na boti, pamoja na bei za dagaa. Kazi imetuchukua mwaka mzima. Tulipomaliza tuliionyesha kwenye kikao kwa projekta, watu wakapiga makofi. Kisha tukatuma fomu kwenye makundi ya WhatsApp tukiuliza, "Je, ramani yetu ni rahisi kutumia?" Karibu wote wakajibu ndiyo. Lakini tukiangalia takwimu za tovuti, wengi wanafungua, wanakaa nusu dakika, wanaondoka na hawarudi. Tumekosea wapi, na ukweli tutaujuaje?
*Msomaji wa Nyakato, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Poleni na kazi, na hongereni kwa kutoridhika na makofi.

Kosa liko kwenye swali mlilouliza. Mtu wa kwetu akiulizwa na kijana aliyehangaika mwaka mzima kama kazi yake ni nzuri, atasema ni nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Fomu yenu imepima adabu, ramani yenyewe bado haijapimwa. Tena waliojibu wengi walikuwa wamekaa sebuleni, hawana shida na mwalo wala meli, wameigusa dakika moja wakawatakia heri. Anayeweza kuwaambia ukweli ni mtu mwenye haja, na hata huyo usimuulize maoni. Mpe shughuli aifanye kwa mkono wake, wewe ukae pembeni unyamaze.

Niwasimulie jambo lililonifundisha mimi. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja iliniita nipime ramani inayofanana sana na yenu. Nikaenda Mwaloni, pale Kirumba, nikamwomba mama mmoja muuza dagaa anipe dakika kumi. Alikuwa ametoka kukung'uta gunia. Vidole vina unyevu na magamba madogo meupe yamemganda hadi kwenye viganja. Nikampa simu yenye ramani, nikamwambia: "Mama, mgeni wako ametoka Shinyanga. Kateremka stendi ya Nyegezi saa 4 asubuhi na anataka kulala Nansio, kule kisiwani Ukerewe, leo leo. Hebu mtafutie usafiri humu."

Ukurasa ulipangwa hivi: maelezo juu, ramani katikati, ratiba chini. Mama akataka kushuka chini. Kidole gumba kikatua juu ya ramani, na badala ya ukurasa kupanda, ramani ndiyo ikaburuzika. Akasukuma tena. Mwanza ikateleza ikatoka pembeni mwa kioo, ikabaki bluu tupu. Hakuna jina, hakuna kisiwa, hakuna ufukwe. Akaniangalia: "Mwanangu, mbona nimeingia majini?"

Nilitamani kumnyang'anya simu nimwonyeshe. Nikajizuia, nikamuuliza tu, "Sasa ungependa kufanya nini?" Akasukuma mara nne nyingine. Kwa sababu ya ule unyevu wa vidole, mara mbili kioo hakikusikia kabisa. Mwisho akanirudishia simu taratibu, kwa mikono miwili. "Hii ni ya wasomi," akasema.

Mama huyo anawapigia watu wa Ukerewe simu kila wiki na anajua meli zote kwa majina. Aliyeshindwa pale ni ramani, naye akaondoka akidhani ni yeye. Maneno hayo bado yananiuma, na ndiyo maana nawaomba mlichukulie jambo hili kwa uzito.

Ziwa letu lina takribani kilomita za mraba 68,800, kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kwenye kioo cha simu kidole kikiteleza kidogo tu, mtu yuko majini na haoni pa kushika. Mjini ukipotea kwenye ramani utaona barabara, utaona jina la mtaa. Ziwani hakuna kitu. Kwa hiyo ramani ya ziwa inahitaji vitu ambavyo ramani ya mji inaweza kuvikosa: isisogee mpaka mtu aiguse kwa vidole viwili au abonyeze kwanza, iwekewe mipaka, mtu asiweze kuiburuta hadi Kampala kama data zenu zinaishia Ukerewe, na kitufe kikubwa kilichoandikwa "Rudi Mwanza", kwa maneno kamili. Ile ramani niliyoipima Mwaloni ilikuwa na kialama cha kinyumba cha kurudi mwanzo, na kati ya niliowapima pale hakuna hata mmoja aliyekigusa. Nilipouliza ni nini, mmoja alisema ni nyumba ya kulala wageni.

Sasa, jinsi ya kupima. Hamhitaji watu mia. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu mwaka 1993 kwamba ikiwa mtumiaji mmoja hufichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, basi watumiaji 5 watafichua kama asilimia 85. Ila hesabu hiyo ni ya watu wanaofanana. Mama wa dagaa, nahodha wa boti, muuguzi wa zahanati ya kisiwani na msafiri wa kwenda Nansio si kundi moja. Kwa ramani yenu ningechukua watu 3 au 4 kutoka kila kundi, nirekebishe, kisha nirudi na watu wengine wapya. Ni bora mizunguko mitatu ya watu wachache kuliko mzunguko mmoja wa umati.

Andaeni shughuli nne au tano, si zaidi, na ziandikwe kwa lugha ya maisha. Kama kitufe chenu kimeandikwa "Ratiba", msimwambie mtu "tafuta ratiba", maana mtakuwa mmeshamnong'oneza jibu. Semeni, "Mgeni anataka kulala Nansio leo." Mwombe aseme kwa sauti anachokiwaza, anachokitafuta, anachokishangaa. Watu wetu wakianza hivyo huona haya kidogo. Mimi huanza kwa kujionyesha mwenyewe nikitafuta namba kwenye simu yangu huku nasema ninachofanya, wanacheka, kisha inakwenda. Na kabla ya yote mwambie kwamba unapima ramani, yeye hapimwi. Ukilisema mara moja halimwingii. Lirudie anapokwama.

Wawili wenu waende pamoja: mmoja akae na mtu, mwingine aandike. Andika kama alimaliza, alitumia dakika ngapi, aligusa wapi pasipofaa, na alisema nini hasa, kwa maneno yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinataka mambo matatu yanayoendana na hayo: mtu afanikishe alichokusudia, asitumie nguvu na muda wa bure, na aridhike. Kuridhika kumewekwa huko mwisho, ninyi mlianza nako.

Nimeomba kuifungua tovuti yenu na mkanitumia anwani, kwa hiyo niseme niliyoyaona mwenyewe kabla hamjaenda kwa watu.

La kwanza ni saa. Mmeandika meli inaondoka 08:00. Nilichukua simu nikashuka hadi sehemu ya kusubiria meli, nikamuuliza mzee mmoja inaondoka lini. Akasoma, akasema bila kusita, "Saa nane mchana." Safari ya Nansio kwa meli huchukua muda wa kama saa tatu, huyo mzee angefika bandarini wakati wenzake wameshakula chakula cha mchana Ukerewe. Andikeni "saa 2 asubuhi". Kasoro hii ingeweza kumlaza mtu kwenye benchi, na hakuna mtaalamu wa nje ambaye angeigundua, kwa sababu kwake 08:00 ni 08:00.

La pili ni kisanduku cha kutafuta. Niliandika "Bugalika", ikanijibu hakuna. Mmeweka "Bugarika". Mwanza hii, ambako Kisukuma kiko kwenye kila ulimi, l na r zinabadilishana viti mchana kutwa, na ramani inayomsahihisha mtu tahajia kabla ya kumhudumia itamkimbiza. Mwekeeni majina yote mawili. Vivyo hivyo "Mwaloni" peke yake ipeleke Kirumba, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Anayeishi Igogo au Mabatini haandiki jina la barabara. Anaandika sheli, kanisa, msikiti au shule iliyo jirani.

La tatu ni yale maduara yenye namba. Najua ni kwa nini mmeyaweka: pini zikiwa nyingi Kirumba zinapandana, programu inazikusanya kuwa duara moja lenye 12. Lakini pembeni ya duara hilo kuna bei za dagaa! Mtu akiona 12 atadhani ni bei ya kitu, au ni boti kumi na mbili. Nilimuuliza kijana wa bodaboda, akaniambia ni umbali kwa kilomita. Ama andikeni "mialo 12", ama zifunguke mapema mtu anaposogeza ramani karibu.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Njia za boti mmezichora kwa bluu juu ya ziwa la bluu. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki juani. Viwango vya tovuti vinataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na kinachoyazunguka, na kuna zana za bure za kupima hilo. Halafu nendeni mkaisome saa 6 mchana pale ufukweni, mtaelewa.

Na njia ya Sengerema. Ramani yenu bado inampandisha mtu kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi. Daraja lilizinduliwa Juni 2025, kilomita 3, magari yanapita usiku na mchana, na kila konda wa stendi ya Nyegezi anajua. Mtu akikuta jambo analolijua limekosewa, hata yale mliyoyapatia hatayaamini. Kwa hiyo kwenye upimaji wekeni shughuli moja ambayo mtu tayari anajua jibu lake, mtazame uso wake anapolinganisha. Hali kadhalika Ukerewe: wapo wanaokwenda kwa meli toka mjini, wapo wanaozunguka kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko mpaka Rugezi. Ninyi mmeonyesha meli tu. Mgeni wa saa 4 asubuhi akikosa meli, ramani yenu inamwacha stendi.

Mwisho kwa upande wenu, pimeni bando. Ramani hizi huja kwa vipande vidogo vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, na kila mtu anaposogea ngazi moja karibu, eneo lile lile linahitaji vipande mara nne. Mtu aliyepotea majini anayeburuta huku na huku anapakua vipande vya maji matupu kwa pesa yake. Chukueni simu ya bei nafuu, angalieni MB kabla na baada ya ile shughuli ya Nansio, na muiandike hesabu hiyo kwenye ripoti kwa shilingi. Kwenye meli, mkishaiacha bandari, mtandao unasuasua. Ratiba iwe maandishi mepesi yanayofunguka hata ramani ikigoma.

Niandikieni mkirudi kutoka Mwaloni. Na mkifika pale, nunueni dagaa kwanza, ndipo muombe dakika kumi.

SWALI: Dada habari za kazi. Nasimamia mradi wa ramani ya huduma za jamii huku Sengerema. Mimi naamini katika kukaa na watu kama unavyosema siku zote, ila wanaotulipa wanataka namba. Wamesema tutumie kipimo kinachoitwa SUS. Ni kitu gani, na kinafaa kwetu?
*Msimamizi wa mradi, Sengerema*

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kinafaa, ukikitumia baada ya shughuli wala si badala yake. SUS ni kifupi cha System Usability Scale, yaani kipimo cha urahisi wa kutumia kitu. Kilitungwa na John Brooke mwaka 1986 alipokuwa kwenye kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Uingereza. Ni sentensi 10. Mtu anajibu kila moja kwa 1 hadi 5, toka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Zenye namba witiri zinasifu, zenye namba shufwa zinalaumu.

Kwa zinazosifu unatoa 1 kwenye jibu. Kwa zinazolaumu unachukua 5 unatoa jibu. Unajumlisha, unazidisha kwa 2.5. Tuseme mtu amejibu zinazosifu 4, 4, 5, 3, 4, ambayo ni 20. Toa 5, inabaki 15. Zinazolaumu kajibu 2, 3, 2, 4, 2, ambayo ni 13. 25 toa 13 ni 12. Jumla 27, mara 2.5 ni 67.5. Wastani unaotajwa na waliokusanya matokeo ya tovuti na programu nyingi ni 68, kwa hiyo mmekaa chini kidogo ya katikati. Waelezeni mapema wanaowalipa kwamba hiyo si asilimia, maana wataiona 67.5 wataisoma kama mtihani wa shule.

Shida mbili nimekutana nazo mwenyewe huku kwetu. Ya kwanza, kwetu "namba moja" ni wa kwanza darasani. Nimeona mtu akizungusha 1 kwa furaha, kumbe anasifia. Siku hizi naandika maneno juu ya kila kiduara, sitegemei namba. Ya pili ni zile sentensi za kulaumu. Ukimsomea mtu "Niliona ramani hii inasumbua kuitumia" kisha yeye aseme "hapana, sikubali", wengine wanadhani wamekukatalia wewe uliyekuja kwao, wanaona vibaya. Hata kwa Kiingereza, sentensi ya 8 iliwahi kubadilishwa neno moja kwa sababu watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hawakulielewa. Kwa hiyo tafsiri yako isome kwa sauti kwa watu watatu wa Sengerema, waombe wakuambie kwa maneno yao wameelewa nini, ndipo uchapishe.

Ukipeleka ripoti, weka ile namba mstari mmoja, na chini yake weka maneno ya watu kama walivyoyasema. Mimi "mbona nimeingia majini" niliiweka ukurasa wa kwanza. Ramani ilirekebishwa wiki ile ile, na hakuna aliyeniuliza namba.

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa tangu ujana wake. Nimemwonyesha ramani ya ziwa kwenye simu, hata mwalo wetu alikotua jana hakuweza kuuonyesha. Kaka zangu wanamcheka. Je, mtu kama yeye anaweza kushirikishwa kupima ramani, au tutafute vijana tu?
*Binti wa mvuvi, Ilemela*

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie kaka zako waache. Baba yako anatoka usiku wa giza na taa zake, anarudi alfajiri kwenye mwalo ule ule, kwa kutazama umbo la vilima, taa za mji na upepo. Ramani ya simu inaonyesha ziwa kama anavyoliona ndege aliye juu. Baba yako hajawahi kuwa ndege. Analiona kutoka kwenye mtumbwi, akiwa chini na nchi kavu iko mbele yake.

Ni yeye hasa anayetakiwa. Kijana ataonyesha kasoro za vitufe. Baba yako ataonyesha kwamba mwalo umewekwa upande usio wa ghuba yake, au kwamba mwamba anaoukwepa kila siku haumo.

Jaribu hivi. Keti naye nje jioni, kabla hajatoka. Usimpe ramani kwanza. Mpe karatasi au kijiti cha kuchorea mchangani, mwambie akuchoree anavyoingia mwaloni kutoka ziwani: anaona nini kwanza, kinafuata nini, anakata kona wapi. Tazama anaweka nini juu ya mchoro. Kaskazini huwa haiko juu. Juu panakuwa kule anakoelekea. Kisha fungua ramani, izungushe simu mpaka ielekee kama mchoro wake, mwambie, "Baba, sisi tuko hapa, mlima ule ndio huu." Umwache. Nimefanya hivi na wazee watatu kwa nyakati tofauti, na wote walipopata kilima kimoja wanachokijua, mwalo waliuona wenyewe.

Kama kuna mtu hapo Ilemela anatengeneza ramani ya mialo, mpelekee mchoro wa baba. Na ukiweza, siku moja panda naye mtumbwi mchana, upige picha ya mwalo wenu kutoka majini, pale anapoanza kukata kona. Nitumie picha hiyo pamoja na mchoro. Nataka kuvitoa toleo lijalo, na jina la mwalo liandikwe kama baba anavyolitamka.